Maji yameharibu milango, skatingi na kabati za jikoni: nirekebishe au nibadilishe zote? (Kira, Uganda)

BabaRehema
Habari zenu wanajamvi. Paipu ya chini ya sinki ilipasuka sisi tukiwa Mbale msibani, maji yakajaa nyumba nzima hadi jirani alipoyaona yakitokea mlango wa mbele. Sasa milango haifungi, skatingi (vibao vya chini ya ukuta) zimebanduka, kabati za jikoni zimefura upande wa chini. Fundi wa kwanza anataka kung'oa kila kitu aweke mvule. Wa pili anasema atakata palipooza, aunge kipande, apige vanishi, na bei yake haifiki nusu ya ile. Kazini kuna jamaa ananishawishi niachane na mbao kabisa, niweke milango ya alumini na skatingi za vigae. Nataka kutoa advansi Jumamosi. Nyinyi mngechagua lipi?

Nyundo_Kibuli
Mzee, pole kwa msiba na pole kwa maji. Lakini bado hujatuambia kitu. Milango ni ya paneli (mbao halisi) au ya flashi (plaiwudi bapa)? Mbao gani? Kabati ni mbao au MDF? Nyumba ni yako au umepanga? Maji yalikaa muda gani? Bila hayo hata aliyezaliwa karakana atakuwa anabahatisha tu. Weka na picha.

RandaNaPatasi
Nyundo amesema kweli, ila la MDF nalijibu hata bila picha. Ikishavimba haina dawa. Ule ni ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Maji yakiingia unaachana, na hata ukianika mwezi mzima haurudi. Fundi anayesema atapiga msasa pakae sawa anataka kula hela yako.

Mbao halisi ni habari nyingine. Huvimba kwa upana, kwa urefu haibadiliki sana, na ikikauka taratibu hurudi karibu na ilipokuwa. Kwa hiyo mlango wa paneli msiuguse na randa sasa hivi! Mkiupunguza ukiwa umelowa, kiangazi cha Januari kitawakuta na mwanya wa kupitisha panya. Uvue kwenye bawaba, uulaze kivulini juu ya vibao, upepo upite juu na chini. Juani hapana, utapasuka.

MamaSwafiya
Na ukuta je? Wote mnaongelea milango. Baba Rehema, ng'oa skatingi leo, hata zile zinazoonekana nzima. Nyuma yake plasta imelowa, na tofali za kuchoma hushika maji wiki na wiki. Ukipiga skatingi mpya juu ya ukuta mbichi, ukungu mweusi utaanza kupanda bila wewe kujua. Chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukalale. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, subiri. Jumamosi ni mapema mno.

MvuleTu
Weka mvule ufunge mjadala. Nyumba ya baba Jinja ina milango ya mvule tangu utawala wa pili wa Obote, miaka ya themanini, mchwa wanaipita tu.

RandaNaPatasi
MvuleTu, siibishi mvule ya baba. Miaka ile mbao ililala bandani muda mrefu kabla ya kuguswa na msumeno. Leo unauziwa iliyokatwa juzi, na kwenye ubao mmoja unakuta nusu ni kiini cha kahawia na nusu ni ule weupe wa nje. Mchwa hawagusi kiini. Ule weupe wanaumaliza. Halafu mvule ina vijiwe vya chokaa ndani yake, vinakula meno ya msumeno, ndiyo maana fundi anakupandishia bei ya kazi. Na vumbi lake linawasha. Nilishafanya kazi nalo, naijua pua yangu.

Ggaba_Ufukoni
Ndugu yangu, kabla hujatoa hiyo advansi nisikilize kidogo. Mei 2020, Ziwa Victoria lilipopanda kupita hata alama ya 1964, nyumba ya kaka yangu karibu na ufuko iliingia maji. Yalipopungua akaelekezwa fundi. Huyo bwana akachukua zaidi ya nusu ya pesa mkononi, akaleta mvule ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Nzito, na ukiigusa ina baridi. Kaka akauliza imekauka? Akajibiwa, "Ssebo, hii ni mvule, haina shida."

Fremu zikajengewa huku ukuta bado unatoa jasho. Vanishi ikapigwa siku ileile, tabaka juu ya tabaka, nyumba ikang'aa, picha zikatumwa kwa ndugu wa Uingereza waliochanga hela. Kila mtu akasifu. Kilipoingia kiangazi mbao zikaanza kulia usiku. Unalala unasikia *ta!*, kunakucha unakuta ufa. Mlango wa chumba cha wageni ukajipinda: ukiubana juu, chini umetoka nje. Vanishi ikageuka madoa meupe kwa unyevu uliofungiwa ndani.

Fundi akaitwa, akaja na randa, akapunguza. Mvua za Machi zikaja, ukavimba upya. Akapunguza tena. Jua liliporudi tukabaki na mwanya, na mpaka leo kuna kipande cha zulia kimepigiliwa chini ya mlango kuzuia mbu. Shemeji akiguswa kwenye hilo hasemi na mtu siku nzima. Fundi simu yake haipatikani, tunasikia yuko Juba.

MvuleTu
Hapo kosa ni la mvule au la fundi?

Ggaba_Ufukoni
La fundi. Lakini hela ilikuwa ya mvule.

Dada_Ntinda
Ndiyo maana mimi nasema alumini. Bafuni na jikoni kwangu ni alumini, paipu ipasuke isipasuke nadeki naendelea na maisha. Na skatingi za vigae, maji yakija unafuta na tambara. Mbao chini ya ukuta kwenye nchi ya mvua na mchwa ni kutafuta kazi.

MamaSwafiya
Dada, jikoni sawa. Chumbani alumini? Mtu akiamka usiku kwenda chooni nyumba nzima inajua. Na mlango wa alumini ukigongwa ukabonyea hakuna wa kuunyoosha, unanunua mwingine. Kwa skatingi za vigae nakuunga mkono, ila na zenyewe hazibandikwi kwenye plasta iliyolowa.

BabaRehema
Asanteni. Nyumba ni yangu. Mlango wa mbele ni wa paneli, mbao nyekundu-nyekundu, niliukuta nikinunua nyumba. Ya vyumbani ni flashi. Kabati nadhani MDF, kingo za chini zimefunguka. Maji yalikaa kama siku mbili. Picha zinakataa kupanda.

Nyundo_Kibuli
Sasa tunaongea. Flashi achana nazo. Mlango wa namna hiyo kwa kawaida ni plaiwudi mbili na kadibodi katikati, siku mbili kwenye maji umekwisha. Na huyo fundi wa kuunga ataunga kwenye nini? Msumari hauna pa kushika. Kabati Randa ameshakuambia.

Wa mbele ndio wa kuokoa. Hiyo nyekundu inaweza kuwa mahogani ya kweli, inaweza kuwa musizi (mbao ya rangi hafifu) iliyopakwa rangi. Kwangua ukingo wa juu kabisa, kule mafundi huwa hawapigi vanishi. Wekundu ukienda ndani, una mali. Ukikuta weupe au njano, basi. Na ukiuokoa, kabla ya kuurudisha piga vanishi kingo zote sita, hasa ya chini. Ile ya chini inasahauliwa kila siku na ndiyo inayonywa maji.

Dada_Ntinda
Mlango una kingo sita?

Nyundo_Kibuli
Nyuso mbili, kingo nne. Sita. Leo ni darasa la hesabu?

RandaNaPatasi
Kwa kabati mpya: sehemu za chini tumia plaiwudi ya marini (ile ya kustahimili maji), juu weka unachotaka, hata MDF, maji hayafiki huko. Ziinue kwa miguu ya plastiki, mbele ufunge kibao kinachong'oka. Siku paipu ikirudia, unatoa kibao na kudeki. Mimi ningeweka hela huko kabla ya mvule.

Mkakwa
Wanajamvi, nipo Arua, karibu na mpaka wa Kongo. Mbao ngumu nyingi mnazonunua Kampala zinatoka Kongo, nyingine zinapita huku, nyingine mpaka wa Mpondwe. Ukija kuchagua mwenyewe unapata ubao mpana kwa bei tofauti kabisa. Ila uwe na karatasi zake, barabarani wataziomba. Na ukiletewa mbao ya beyo (Afzelia) usiipokee, kuukata mti wake kumepigwa marufuku.

MvuleTu
Mkakwa, mvule ubao wa inchi 12 kwa 1 huko shilingi ngapi siku hizi?

Mkakwa
Inategemea siku na inategemea uso wako. Njoo inboksi.

MamaSwafiya
Mtu ana milango michache, nyinyi mnamtuma Arua? Usafiri utakula faida yote. Aende soko la mbao la Ndeeba hapa Kampala na mtu anayejua mbao, amalize.

Mkakwa
Ndeeba atauziwa inchi moja ambayo ikipigwa randa inabaki robo tatu.

RandaNaPatasi
Huko Arua inabaki ngapi? Randa ni ileile.

BabaRehema
Nimekwangua. Wekundu umeingia ndani, ila hauingii sana 😅. Fundi wa kwanza nimemwambia advansi isubiri, amekasirika, anasema mbao ameshaagiza. Wa pili amekubali kushughulikia mlango wa mbele peke yake. Kabati bado sijaamua. Mke wangu ameona za chuma kwenye simu sasa hataki kusikia plaiwudi. Kuna mtu anajua nitapata wapi kipima unyevu cha kuazima hapa Kampala?

Nyundo_Kibuli
Kile chenye sindano mbili? Kwa milango ya ndani mwambie fundi hufungi kitu kabla unyevu wake haujashuka hadi kati ya asilimia 12 na 15. Mimi ninacho, ila kipo Masaka kwa shemeji.

Ggaba_Ufukoni
Yule fundi wetu alikuwa anapima kwa shavu.

Dada_Ntinda
Kabati za chuma ziko poa. Nani ana namba ya mtu wa Katwe, kule kwa mafundi wa chuma?