Naomba ushauri: mzinga wa Jules Verne unanipa shida darasani

Habari zenu wadau. Nasoma na vijana wa kidato cha pili kile kitabu cha Jules Verne cha mwaka 1865 kuhusu safari ya mwezini. Watu watatu wanaingia kwenye kombora la alumini na kufyatuliwa kutoka Florida kwa mzinga wenye urefu wa futi 900. Vijana wamekipenda, hasa yule Mfaransa, Ardan, na vituko vyake.

Shida ni huo mzinga. Nimepiga hesabu: kufikia kilomita 11 kwa sekunde, mwendo unaohitajika kufika mwezini, ndani ya mita 274 za mzinga huo (ndizo futi 900), mtu wa kilo 50 angekandamizwa kana kwamba ana uzito wa zaidi ya tani 1,000. Verne kaweka maji chini ya sakafu kupunguza kishindo. Wapi! Nimewapa mfano wa daladala inayoondoka ghafla, wakaishia kucheka.

Kuna jaribio gani rahisi, lisilohitaji maabara, la kuonyesha kwa nini roketi huongeza mwendo kidogo kidogo? Pili, kitabu kinaisha abiria wakiwa bado huko angani. Niwape mwendelezo wake mara moja, au kwanza waandike mwisho wao wenyewe? Shule inakaribia kufungwa.

Natanguliza shukrani.