Jomini, Clausewitz au Mao: nani anaeleza vizuri zaidi vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki?

Mpimaramani: Wakuu, naomba tulinganishe fikra tatu za mkakati (mwaka kwenye mabano ni wa kitabu cha kila mwandishi). Jomini (1838) hutazama ramani: njia, vituo, na kukusanya nguvu kubwa mahali pamoja. Clausewitz (1832) huanza na lengo la kisiasa. Mao (1938) aligawa vita virefu hatua tatu: kujihami, kulingana nguvu, kisha kushambulia. Ipi inatosha kueleza kampeni ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki?

Naanza na Jomini. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga watu kama 8,000 kutoka India. Wajerumani waliopigana hapo walikuwa kama 1,000, ila walikuwa na reli ya kutoka Moshi, karibu kilomita 350. Wakati wavamizi wanasuasua ufukweni, treni zilileta kombania. Aliye ndani ya duara hufika kabla ya anayezunguka nje.

Kombania13: Mkuu, Tanga nakubali, lakini Jomini anaishia hapo. Mwaka 1916 Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Waingereza, naye alicheza kwa ramani: kikosi kimoja kikabili mbele, kingine kizunguke na wapanda farasi kufunga mlango wa nyuma. Kila mara mlango ulichelewa kufungwa, Lettow-Vorbeck akatoka usiku. Sababu haiko kwenye ramani. Farasi walikufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, watu wakalala kwa malaria na kuhara, na masika yakakata njia za ugavi baada ya Kondoa Irangi kutekwa.

Fanya hesabu ya mpagazi. Mzigo wa kichwani kilo 25 hivi. Yeye mwenyewe anakula kama kilo 1 ya unga kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi 10, amekula 20, aliye mbele anapokea 5. Ikifika siku 13 kwenda, hakuna kinachofika. Kwa hiyo kadiri Smuts alivyosonga mbele, ndivyo jeshi lake lilivyozidi kula njiani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kupita 90,000, na hao lazima waingie katika kila maelezo ya mkakati wa vita hivi.

Lengo_Kwanza: Ndiyo maana nachagua Clausewitz. Lettow-Vorbeck hakutaka kuishinda Afrika. Alitaka kuwazuia askari wa adui wasiende Ulaya. Mpime kwa kipimo hicho. Mahiwa, Oktoba 1917, alishinda uwanjani: Waingereza walipoteza watu kama 2,700. Lakini yeye alipoteza zaidi ya 500 kati ya 1,500 hivi, asiweze kuwajaza, na risasi zikamwishia. Wiki chache baadaye alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, koloni la Wareno. Isitoshe, Waafrika Kusini wengi walirudishwa kwao kwa ugonjwa, nafasi zao zikashikwa na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), ambayo ilifikia watu kama 35,000 mwaka 1918. Hao wasingepelekwa Ufaransa hata kama pangekuwa na amani huku. Lengo lilitimia nusu tu, na sifa anazopewa zimezidi.

Ruvuma64: Wengi humwita Lettow-Vorbeck baba wa vita vya msituni. Sikubaliani kabisa. Kwa Mao raia ndiye ghala, mjumbe na chimbuko la wapiganaji wapya. Lettow-Vorbeck alichukua chakula na wapagazi kwa nguvu, kisha akahama. Majeshi ya pande zote mbili yalichota nafaka na ng'ombe Ugogo. Ikaja njaa ya Mtunya. Hakuwa na hatua ya pili wala ya tatu, alikuwa akirudi nyuma tu kwa ustadi mkubwa.

Linganisha na FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliovuka Ruvuma hiyohiyo kuanzia 1964. Walikuwa na nchi rafiki nyuma yao, na wanavijiji wa Cabo Delgado na Niassa walibeba silaha na kulima kwa ajili yao. Mwaka 1970 Wareno walipotuma jeshi kubwa kuteka kambi zao kaskazini, wapiganaji walitawanyika, na uzito wa vita ukahamia Tete.

Kombania13: Nakubali, ila ongeza hili: ghala kubwa la Lettow-Vorbeck baada ya kuvuka lilikuwa adui. Ngomano, 25 Novemba 1917, aliiteka kambi ya Wareno, askari wake wakabadilisha bunduki zao kuukuu kwa za Kireno pamoja na risasi zake. Namakurra, Julai 1918, akarudia. Bila kambi za namna hiyo asingefika hata Krismasi ya 1917.