Mama wa watoto wanne asimame kandida wa komini 2028, au aachane nayo?

Mama Wanne (Lubumbashi, Kongo)
Mwisho wa avenyu yetu kulikuwa na kiwanja cha mpira. Si cha kujivunia: magoli ya miti, vumbi wakati wa kiangazi, vyura wakati wa mvua. Lakini watoto wa kartie nzima wamekulia pale. Mwaka jana matofali yakashushwa. Leo ni parseli tatu, kila moja na karatasi zake na sahihi ya mkubwa mmoja ambaye simtaji. Wangu sasa wanachezea barabarani, katikati ya malori na mamanseba, hawa wa pikipiki za teksi.

Mume wangu anasema nigombee ukonseye wa komini, yaani udiwani wa baraza la sehemu yetu ya mji. Dada yangu anasema nimerogwa. Nyinyi je? Kulalamika kwenye mlango wa jirani nimechoka.

Papa Katuba
Na hao wanne utamwachia nani?

Mama Wanne
Baba yao. Bukari anajua kusonga.

Fundi wa Kamalondo
Mama, kwa heshima zote, ukonseye utakupa nini mkononi? Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura ya makonseye wa komini, ya kwanza tangu katiba ya 2006. Kwa sheria, hao ndio wa kumchagua bugumesta, mkuu wa komini, na makonseye wa mji, na wale wa mji wamchague meya. Kura hizo za pili zikaahirishwa, zikaahirishwa tena, na viti vikabaki na watu walioteuliwa kutoka juu. Utakaa barazani kumsimamia mtu ambaye hukumchagua na huwezi kumtoa. Ni kumpa mlinzi filimbi na kumnyima ufunguo wa geti.

Mwalimu Mstaafu
Filimbi nayo inaamsha watu, Fundi. Wewe umetaja vyeo, mimi nataja pesa. Tangu sheria ya migodi ya 2018, mrabaha wa madini unagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 10% mfuko wa vizazi vijavyo, na 15% eneo lenye mgodi, yaani komini, sekta au usultani. Anayejadili bajeti ya komini ni baraza lake. Akiwepo barazani mtu mmoja tu wa kuuliza kila mwezi "ile 15 iko wapi?", mitaro ingechimbwa kabla ya mvua ya Novemba. Mimi ningempigia kura mama anayejua bei ya daftari kuliko kijana anayegawa tisheti.

Mama Wanne
Komini yetu haina mgodi, Mwalimu. Ina makala ya kupikia na madeni.

Mwanasheria Bila Koti
Kabla ya bajeti, hesabuni kura. Orodha ya wagombea isiyofikisha 10% ya kura za komini haipati kiti hata kimoja. Kusimama peke yako kama huru ni karibu na bure, utahitaji chama. Na chama kitakutaka sana, nikuambie kwa nini: sheria ya uchaguzi ya 2022 inaiondolea kosyo, ile dhamana isiyorudi, orodha yenye wanawake nusu au zaidi. Watakupokea kwa vigelegele, utawaokolea pesa, halafu kampeni watamfanyia bwana mwenye gari. Nimeona orodha za namna hiyo. Majina ya kina mama yamejaa, wenyewe hawajui hata picha zao zimebandikwa wapi.

Mama Wanne
Hilo la kosyo sikulijua, asante. Lakini basi bei yetu imepanda. Likelemba letu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, tuko wanawake 26, kila mmoja ana soko lake, kanisa lake na mashemeji wake. Tukienda kwenye chama sote pamoja badala ya mmoja mmoja, tutauliza sisi kwanza nani anapewa gari la kampeni.

Mwanasheria Bila Koti
Hapo sasa tunaongea. Waulize kabla hujatia sahihi, si baada.

Fundi wa Kamalondo
Sawa, na kiwanja? 2028, kama kalenda itaheshimiwa, zile nyumba zitakuwa na bati na wapangaji.

Mama Wanne
Bati limeshapigwa, Fundi. Nawaza kile cha pili, kando ya shule, ambacho bado kina magoli. Jana jioni kulikuwa na kijana anakipima kwa kamba.

Fundi wa Kamalondo
Kamba ya rangi gani? Wa huku kwetu nawajua.