Naomba ushauri: kurudisha nyuma saa ya seva huku databesi inatumika

Kijana wa Mitambo: Wakuu, nina seva ya Linux yenye PostgreSQL, watu wako ndani muda wote, kuizima siwezi. Nataka kurudisha saa yake nyuma. Databesi haitaharibika? Nijibuni haraka, hata chakula hakipiti.

Mzee wa Kebo: Imetangulia kiasi gani? Kama ni sekunde chache, iachie chrony, ile programu ya kusahihisha saa, ipunguze polepole. Kama imetangulia kwa muda wa saa tatu kamili, basi kuna mtu kaweka saa ya Dar kwenye mashine inayodhani ni UTC, saa ya kimataifa.

Binti Pwani: Mmenikumbusha usiku wa kuamkia Julai 1, 2012, saa za dunia zilipoongezewa sekunde moja. Saa tisa usiku databesi zetu za MySQL zikaanza kutafuna prosesa. Dawa yake? Kuiwekea seva saa ileile iliyokuwa nayo! Nilikuwa na mimba, mtoto sasa yuko sekondari.

Mzee wa Kebo: Hongera. Mwenye uzi, kiasi gani?

Kijana wa Mitambo: Siku mbili.

Mzee wa Kebo: Seva gani hiyo? Sema ukweli.

Kijana wa Mitambo: Leo Julai 2. Bosi anataka stakabadhi kadhaa zisomeke Juni 30, ziingie mwaka wa fedha uliopita. Dakika kumi tu, narudisha. Pesa ni halali, na nimeshamwambia inawezekana.

Mtumishi: Kijana, kazi utapata nyingine. Jina je?

Mzee wa Kebo: Databesi itapona, PostgreSQL haipangi mambo yake ya ndani kwa saa. Ila stakabadhi namba 8814 itakuwa ya Julai 2 na 8815 ya Juni 30. Na wateja watakaolipa ndani ya dakika hizo nao unawapeleka Juni.

Kijana wa Mitambo: Namba nitazibadilisha.

Ngosha: Hii chai. Mwenye uwezo wa kubadilisha namba si angebadilisha tarehe tu? Saa ya nini?

Binti Pwani: Aisee! Au ni mkaguzi anatutega?

Kijana wa Mitambo: Si chai. Tarehe inawekwa na triga, amri inayojiendesha ndani ya databesi; ukiigusa tarehe inaandikwa kwenye jedwali la ukaguzi.

Mzee wa Kebo: Na namba ukiigusa haiandikwi? Halafu chrony ikiwaka tena itaandika kwenye logi, kumbukumbu za matukio ya seva, kwamba imekuta saa imekosea kwa sekunde 172,800 hivi.

Kijana wa Mitambo: Logi nikizifuta?

Ngosha: Ongezeni sukari.