Mbaazi hazilainiki, kisamvu kichungu: nipunguze vipi nyama?

BiMkomani, Lamu
Assalaam alaykum. Nyumba ni ya watu sita, nusu kilo ya nyama kila siku. Nataka nyama iwe mara mbili kwa wiki, siku zilizobaki tule mboga na vitu vya nazi. Mbaazi zachemka saa tatu na bado zinagonga meno. Kisamvu hutoka kichungu. Mchicha una mchanga hata ukioshwa mara tano. Maji ni ya kisima, jiko ni la makaa. Watoto nao wakiona sahani ya majani huuliza, "kitoweo ki wapi?" Nipeni vipimo tafadhali.

KifumbuNaMbuzi
Waalaykum salaam, dada. Mchawi ni hayo maji. Kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa, na chokaa hulifanya ganda la mbaazi likaze. Pikia maji ya mvua, ya jabia (tangi la kuhifadhia maji ya mvua).

Mbaazi kavu vikombe viwili, roweka usiku kucha kwa vikombe sita vya maji na kijiko kidogo cha chumvi. Asubuhi mwaga maji yale (gesi ya tumboni itapungua), tia mapya, chemsha moto wa wastani. Nyanya, ndimu na ukwaju visikaribie sufuria mpaka ubonyeze punje kwa vidole viwili na ipondeke yote. Uchachu ukitangulia, ganda hukaza tena. Na ununue za msimu huu. Zilizokaa gunia mwaka mzima katika joto la pwani hazilainiki sawasawa hata kwa maji mazuri.

Tui: nazi moja, kamua mara ya kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, hilo ndilo kasimile, liweke kando. Kamua tena kwa vikombe viwili, tui hilo jepesi lichemkie na mbaazi zilizokwisha kuiva. Kasimile lije mwisho, makaa yakiwa yamepunguzwa, ukikoroga bila kuacha, dakika tano tu. Likitokota kwa nguvu linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini.

JikoLaShela
Au tia magadi kidogo, mbaazi zinaiva haraka. Mbona mnajitesa?

MlaKunde_Malindi
Ndugu yangu, magadi yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, na yakizidi chembe mbili tatu mchuzi unanuka sabuni. Mwenye jabia hana haja nayo.

Kisamvu sasa, maana hapo si suala la ladha peke yake. Jani la muhogo lina sumu ya asili inayotoa sianidi, na uchungu mwingi ni dalili yake. Kukata kwa kisu hakutoshi. Chuma majani machanga ya nchani, toa vikonyo, twanga kwenye kinu mpaka yawe kama unga uliokandwa: ni huko kupondeka kunakoifungua sumu. Yaache kidogo, kisha chemsha kwa maji mengi BILA kifuniko, ili mvuke uondoke nayo. Mwaga maji, tia mengine, chemsha tena mpaka laini, nusu saa au zaidi. Tui baadaye. Anayefunika sufuria ili kuokoa makaa anairudisha sumu ndani.

Mchicha usiumimine pamoja na maji. Tumbukiza kwenye beseni kubwa, tikisa, halafu INUA majani kwa mikono. Mchanga unabaki chini. Mara tatu, beseni likisuuzwa kila mara. Katakata baada ya kuosha, si kabla. Motoni dakika nne zinatosha.

KifumbuNaMbuzi
Naongeza kuhusu watoto. Kitoweo kwao ni mchuzi wa kuchovyea, mafuta na uchachu kidogo, na vyote vitatu vimo kwenye mbaazi za nazi zenye ukwaju. Mbaazi kavu gramu 100 zina protini karibu sawa na nyama mbichi gramu 100, na wali unajaza zinapopungukiwa. Wiki ya kwanza usiondoe nyama yote: gramu 150 zilizokatwa vipande vidogo mno, zikaange na vitunguu na bizari, kisha kunde. Harufu itawatosha.

Chuma kilichomo kwenye majani hakiingii mwilini kwa urahisi kama kile cha nyama. Kamulia ndimu mezani, au kata embe. Chai na kahawa tungu zingoje saa moja baada ya kula.

BiMkomani, Lamu
Shukran. Samaki je, niache pia?

MlaKunde_Malindi
La, dada. Majani hayana vitamini B12, kwa hivyo samaki, mayai na maziwa vibaki. Dagaa wakavu: ondoa vichwa, osha kwa maji moto chumvi itoke, kaanga kidogo, ponda, nyunyiza juu ya mchicha wakati wa kuepua. Vijiko viwili kwa sufuria ya watu sita. Vikizidi, watoto wanasikia ukavu kooni.