Uzi maalumu: Tuliounda vigari vya mbao vya Pinewood Derby na watoto, tupeane uzoefu

Mleta uzi, Columbus, Ohio

Habari za humu ndani wakuu.

Nashusha uzi huu kwa sisi tunaolea watoto Marekani. Msimu wa baridi ukifika, mtoto anarudi kutoka Cub Scouts, yaani skauti wadogo, na kiboksi mkononi cha mbio za Pinewood Derby: kipande cha msonobari cha inchi 7, matairi manne ya plastiki, misumari minne ya kuwa ekseli. Mota hakuna. Kigari kinawekwa juu ya mteremko, kizuizi kinaanguka, na mvutano wa ardhi unafanya yaliyobaki kwa sekunde kama tatu hivi.

Jambo hili lilianzia Manhattan Beach, California, mwaka 1953. Don Murphy, kiongozi wa skauti wadogo pale, alikuwa na mtoto ambaye umri wake haujafika wa kuingia mbio za magari makubwa ya kuteremka mlima, akamtafutia gari la saizi yake. Yaani tangu mwanzo lengo ni mzazi na mtoto kuunda pamoja. Ndiyo maana inaniuma, siku ya kupima uzito, kuona vigari vinang'aa kama vimetoka kiwandani huku mwenye gari hajui hata uzito umefichwa wapi. Msimamo wangu ni huu: kazi zinazoleta mwendo kasi ni zile zile ambazo mtoto wa miaka minane anaziweza. Mwachieni.

Nianze na misumari. Chukua mmoja, pitisha ukucha chini ya kichwa chake. Utakuta vijino vidogo vilivyoachwa na mashine iliyoubana. Vile ndivyo vinavyokula tairi. Mimi nabana msumari kwenye drili na kuvitoa kwa tupa, kisha mwanangu anashika kipande cha msasa wa maji namba 400, anakikunja kuuzunguka msumari unaozunguka taratibu, miwani usoni. Baadaye 600, 1000, hadi 2000. Maji yanatoka ya kijivu, kila namba yanapungua weusi. Anasimamisha, anaufuta kwa kitambaa, anautazama kwenye mwanga wa dirisha akitafuta mikwaruzo, na akiiona anarudi namba ya nyuma bila kuambiwa. Kukata umbo la gari tulimaliza haraka. Kwenye misumari ndipo tulipokaa na kuongea.

Karibuni, tiririkeni.

Mama Wawili, Minneapolis

Asante kwa uzi, kaka. Wangu ni binti; wasichana wanapokelewa Cub Scouts tangu 2018 na huyu hakunipa nafasi ya kufikiri mara mbili.

Mimi nizungumzie uzito. Sheria inataka gari lisizidi wakia 5, ambazo ni gramu 141.7. Lifikishe karibu na hapo kadiri uwezavyo, kwa sababu hewa inalisumbua zaidi gari jepesi. Sisi tulitumia mzani wa jikoni wa kupimia unga. Binti aliweka kila kitu juu yake kwa pamoja: mbao, matairi, misumari, mpaka vyuma vya uzito, halafu akawa anaandika.

Ila kujua uweke wapi ndiyo kazi. Pale juu ya mteremko, nyuma ya gari iko juu kuliko mbele, kwa hiyo uzito uliokaa nyuma una safari ndefu zaidi ya kushuka. Tulilaza gari juu ya ukingo wa rula, tukalisogeza hadi likatulia bila kuinama upande wowote, akapiga alama kwa penseli. Sehemu hiyo ikiwa kama inchi moja mbele ya ekseli ya nyuma, uko vizuri. Ukirudisha nyuma zaidi, mbele inakuwa nyepesi mno na gari linayumba likigonga ule ubao wa kuongozea ulio katikati ya njia.

Ombi kwa wazazi: msitumie risasi, ile metali nzito, ni sumu kwa watoto. Tangisteni ni ghali, lakini ni nzito kuliko risasi na inaingia kwenye tundu dogo.

Mtoto wa Goma, Houston

Ndugu zangu, mimi nimekulia Goma, mji ambao chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu. Tuliona wanaume wakiteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi juu ya mbao ya mikaratusi na magurudumu mawili. Kwa hiyo mwanangu alipoleta kile kipande cha msonobari, nilimweleza kwamba nyumbani tunajua mbao inayoteremka inahitaji nini: magurudumu yaende njia moja.

Tulibandika utepe mrefu sakafuni, tukanyanyua kidogo upande mmoja wa ubao wa kuachilia gari. Mtoto analala kifudifudi, jicho usawa wa sakafu, ananiambia, "Papa, linakwenda kushoto." Mimi na koleo nazungusha msumari kidogo sana. Tena. Mpaka likafuata utepe. Kati ya tairi na mwili wa gari tuliacha upenyo wa unene wa kadi ya benki.

Wengine wananyanyua tairi moja la mbele lisiguse chini, gari libaki linakimbia kwa matatu. Inasaidia kweli, ila kuna vikundi vinakataza. Someni sheria za kikundi chenu kabla ya kutoboa chochote.

Mgeni Jukwaani

Shikamooni. Wangu ana miaka sita, msumeno naogopa kumpa. Na ile poda nyeusi ya kutelezesha matairi inatumikaje? Naweza kuweka mafuta ya cherehani badala yake?

Mleta uzi, Columbus, Ohio

Marahaba, karibu sana. Mafuta acha, vikundi vingi vinayakataza kwa sababu yanachafua njia na kukusanya vumbi. Tumia unga wa grafiti, ile ile nyeusi ya kuandikia iliyo ndani ya penseli. Fanyieni nje au juu ya gazeti: minya kidogo kwenye tundu la tairi, mtoto alizungushe kwa kidole, aongeze, azungushe tena. Anaweza hata akiwa na miaka minne.

Msumeno shika wewe. Yeye achore umbo kwenye karatasi, mlibandike juu ya mbao, ukate kufuata mstari wake hata kama umepinda. Kisha mpe msasa namba 80 na kigari chake, rangi achague mwenyewe.

Mama Wawili, mwaka huu binti anaunda umbo gani? Tuwekee picha.