Mjadala: Jogingi ya Jumamosi kuamua bonasi yako, ni sawa?

Mtoto wa Chanika
Wakuu, nahitaji mawazo yenu. Kazini kwetu (kampuni sitaitaja) menejimenti imeleta programu ya afya na hamasa. Kila Jumamosi saa 12 asubuhi tunakutana ufukweni kwa jogingi, unasaini daftari, unapata alama 5. Ukipima uzito na presha, alama 10. Ukifikisha alama 200 mwisho wa mwaka unapata bonasi kamili, usipofikisha unapewa nusu. Fulana wanatoa wao. Mimi nakaa Chanika, kufika ufukweni saa 12 lazima niamke saa 9 usiku, tena siku ambayo mkataba wangu unasema ni ya mapumziko. Kampuni ina haki ya kufanya hivi?

Mzee wa Drafti
Kijana, mazoezi ni uhai. Nimestaafu serikalini na SHIMIWI, ile michezo ya wizara na idara za serikali, nimeshiriki miaka mingi, upande wa kuvuta kamba. Mkirudi kutoka kule dereva na mkurugenzi wanasalimiana kwa majina. Mwaka 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, watu wakajitokeza. Leo mtu ana miaka 35 tayari ana sukari na presha. Na niseme ukweli, wanaokwepa mazoezi maofisini ni walewale, hasa kina mama. Kila bonanza, mtoto anaumwa.

Fundi Sheria
Mtoto wa Chanika, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, kwa makubaliano, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu. Daftari la mahudhurio likishagusa mfuko wako, hiari haipo tena. Mwajiri aseme ni hiari na asikate kitu, au aseme ni kazi na alipe. Halafu hiyo presha, majibu anabaki nayo nani? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya zimewekewa ulinzi mkali zaidi.

Mama Pacha
Fundi, nitarudi kwako. Mzee wa Drafti, shikamoo, lakini hilo la "mtoto anaumwa" limenichoma. Likizo ya uzazi ilipoisha nilirudi kazini kifua kimejaa mpaka blauzi inalowa. Chumba hakuna. Nilikuwa nakamulia chooni nimesimama, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu kitasa kilikuwa kibovu, kifuniko cha chupa nimekibana kwa meno maana mle hamna pa kukiweka. Nje watu wanagonga. Mwezi huohuo kampuni ilikodi spika na mahema ya bonanza. Sikwenda. Kwenye tathmini nikaandikiwa kwamba sina moyo wa timu. Sasa niambie, nani alimkwepa mwenzake pale?

Mzee wa Drafti
Marahaba mwanangu. Pole sana, ila sikusema wote. Mke wangu alikuwa muuguzi, zamu za usiku, watoto watano, na netiboli alicheza. Siku hizi mnalalamika mno.

Kipanga wa Tabata
Mzee, mama alikuwa anakaa nyumba ya serikali karibu na hospitali, au alikuwa anagombania daladala Gongo la Mboto? Na ulimuuliza kama alichoka, au unamsemea tu?

Mzee wa Drafti
Mke wangu muache nje ya mjadala huu. Nyumba ya serikali ndiyo, tulikuwa nayo. Mama mkwe alikuwepo kusaidia watoto. Kuna ubaya gani?

Mama Pacha
Hakuna ubaya wowote, mzee wangu. Ndiyo nisemayo: alikuwa na mtu.

Dada Utumishi
Mimi ndiye ninayeandaa haya mambo kazini kwetu, na inaniuma mnavyotuongelea kama maadui. Mpishi wetu wa kantini alipimwa presha siku ya zoezi kama hilo, akakimbizwa hospitali siku ileile. Hakuwa na habari kabisa. Bila zile alama asingesogea pale kwenye meza ya vipimo. Mkiambiwa ni hiari tupu, wanakuja walewale wenye afya zao. Na kina mama mnapewa siku 90 za uzazi, sheria imewajali.

Fundi Sheria
Ni 84, dada. Mapacha ni 100. Na kifungu hichohicho cha 33 kinampa anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hizo kwenye programu yenu zina alama ngapi?

Jirani wa Nakuru
Huku Kenya ni miezi mitatu, na baba hupata wiki mbili. Tena Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Tunapofanya kazi sisi kipo, lakini kimejazwa maboksi ya karatasi za printa. Kwa hivyo msituonee wivu bado.

Kipanga wa Tabata
Wiki mbili! Sisi baba anapewa siku 3. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, siku ya nne niko kazini naulizwa ripoti na yeye bado yuko wodini hawezi hata kugeuka. Hapo ndipo hamasa ya kazi inapofia. Fulana haiirudishi.

Msomi wa Usiku
Dada Utumishi, mwaka 2019 Song na Baicker walichapisha kwenye jarida la JAMA utafiti wa wafanyakazi wa maduka ya kampuni moja kubwa Marekani. Vituo vya kazi vilichaguliwa kwa bahati nasibu, vingine vikapewa programu ya afya na vingine vikaachwa. Baada ya miezi 18, waliopewa programu walisema wanafanya mazoezi zaidi. Lakini uzito, presha, utoro kazini na gharama za matibabu havikutofautiana kwa maana yoyote.

Mzee wa Drafti
Marekani wanakula vya Marekani. Usituletee vyao.

Dada Utumishi
Mpishi wangu hayumo kwenye utafiti huo.

Fundi Sheria
Mpishi apimwe saa nne asubuhi kantini, ndani ya saa zake, majibu apewe yeye na daktari. Nani kapinga hilo? Tunapinga Jumamosi na bonasi.

Mtoto wa Chanika
Nimesoma yote. Ofisini tuna dada mmoja anayetoka na mfuko kwenda chooni kila mchana. Nilidhani anakwenda kuswali. Jumatatu tunapeleka barua: jogingi iwe Jumatano saa 9 alasiri, vipimo visiguse bonasi, na stoo ya ghorofa ya pili itolewe makabati iwe chumba cha kina mama.

Dada Utumishi
Jumatano saa 9 wateja wanajaa, ningeletewa mimi ningekataa. Stoo ningeipitisha.

Mama Pacha
Msikubali stoo peke yake. Wakishawapa chumba, ile nusu ya bonasi haitazungumzwa tena. Saini zote ziwe kwenye barua moja, na mwanamume asaini wa kwanza.

Mzee wa Drafti
Na Ijumaa jioni je? Jamani, mazoezi msiyafute.